STEMPU, MUHURI NA CHAPA: VITABU SITA, NDUGU WA TUMBO MOJA

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu muhula uliopita zilinituma kufuatilia jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka. Cheka kwanza, kisha nisome hadi mwisho.

Jambo lenyewe lilianza na fomu ya basari. Fomu hiyo ilitakiwa ipigwe mihuri mitatu: wa shule, wa kiongozi wa dini na wa chifu. Siku ya mwisho ya kuirudisha nilifika dirishani mapema, nikampa karani. Mama alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe habari za kazi yake na idadi ya watoto anaowasomesha. Karani hakusoma hata neno moja. Alipekua kurasa upesi upesi kama anayehesabu noti, kisha akaniuliza, "Muhuri wa chifu uko wapi?"

Nikamjibu, "Lakini ametia sahihi, tazama hapo chini."

"Sahihi si muhuri, kijana. Mwingine!"

Basi nikatoka mbio. Nilikwenda kwa miguu, nikamkuta mwenye ufunguo wa droo ambamo muhuri hukaa, nikapigiwa, nikarudi jasho likinitiririka. Nilifika dirisha likiwa karibu kufungwa. Fomu ikapokelewa bila swali lolote. Ati kipande kidogo cha mpira na wino kina nguvu kuliko maneno yote ya mama yangu! Swali hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nguvu hiyo inatoka wapi?

Nilipomwuliza rafiki yangu ninayeketi naye dawati moja, alinijibu kwa swali. "Muhuri kwa Kiingereza ni nini?" Nikamwambia, stamp. "Na stempu ya barua?" Stamp pia. "Na chapa wanayotiwa ng'ombe?" Hata hiyo Waingereza wanaweza kuiita stamp. Kumbe wenzetu wana neno moja mahali ambapo sisi tuna matatu! Stempu tumeikopa kwao. Muhuri tuliupata kwa majirani zetu wa zamani wa biashara, Waajemi na Waarabu. Chapa inatoka Bara Hindi. Nayo chapa ina mambo: kitabu hupigwa chapa, ng'ombe hutiwa chapa, na mwanafunzi mtundu enzi zile alichapwa. Katika yote hayo alama hubaki.

Nikaanza kutafuta vitabu ambamo stempu, muhuri au chapa ndiyo inayoendesha mambo. Vingine nilivipata katika maktaba yetu, vingine kwa walimu, na viwili kwa wale wauzaji wa kando ya njia tunaowaita "inama". Navileta kwenu sita. Ni vya aina mbalimbali, lakini nadhani mtakubaliana nami kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

1. KITABU CHA HABARI ZA KWELI: STEMPU YA SENTI MOJA

Kabla ya mwaka 1840 huko Uingereza, mara nyingi aliyelipia barua ni yule aliyeipokea. Bei ilitegemea umbali na idadi ya karatasi. Maskini akiletewa barua na asiwe na pesa, ilirudi ilikotoka. Bwana mmoja jina lake Rowland Hill aliandika kijitabu mwaka 1837 akipendekeza kwamba mtumaji alipe kabla, bei iwe ndogo, na iwe moja nchi nzima. Tarehe 1 Mei 1840 stempu ya kwanza ya kubandika duniani ikaanza kuuzwa. Ilikuwa nyeusi, ya peni moja, yenye picha ya Malkia Victoria.

Mwaka uliofuata rangi yake ilibadilishwa ikawa nyekundu. Kisa na maana? Stempu ikishatumika hupigwa muhuri ili isitumike tena. Muhuri wa wino mwekundu juu ya stempu nyeusi haukuonekana vizuri, na wajanja waliweza kuufuta. Hapa nikagundua jambo la ajabu. Karatasi kama fomu yangu hupata uhai ikipigwa muhuri, lakini stempu hupigwa muhuri ikafa!

Sasa tuje kwenye kitabu. Mwaka 2017 mwandishi wa habari wa Marekani, James Barron, alitoa kitabu kiitwacho The One-Cent Magenta. Kinaeleza maisha ya stempu moja tu. Mwaka 1856 koloni la British Guiana, ambalo leo ni nchi ya Guyana, liliishiwa na stempu kwa kuwa shehena kutoka London haikufika. Mkuu wa posta akawaomba wapiga chapa wa gazeti la pale wamchapie za dharura. Kwa kuogopa za bandia, makarani wa posta walitakiwa kuandika herufi za majina yao juu ya kila stempu. Mnaona? Stempu yenyewe haikuaminiwa hadi mkono wa mtu unaojulikana uiguse.

Mwaka 1873 mvulana wa miaka 12 aliipata moja ya senti moja katika karatasi za jamaa zake, akaiuza kwa shilingi chache. Hajawahi kupatikana mwenzake anayekubalika na wataalamu. Mwaka 2014 iliuzwa mnadani kwa dola takriban milioni 9.5, na mwaka 2021 ikauzwa tena kwa dola takriban milioni 8.3. Baadhi ya wenye kuimiliki wametia alama zao nyuma yake. Thamani ya karatasi yenyewe ni nini? Hata andazi haliwezi kununua. Thamani imo vichwani mwa watu.

2. RIWAYA YA KUCHEKESHA: MWIZI ALIYEBUNI STEMPU

Kitabu cha pili ni cha Mwingereza Terry Pratchett, Going Postal, kilichotoka mwaka 2004. Ni hadithi ya dunia isiyokuwako, yenye majitu ya udongo yanayofanya kazi mchana na usiku. Mhusika mkuu ni Moist von Lipwig, tapeli na mghushi hodari. Ananyongwa lakini hafi, kwa sababu mtawala wa jiji ana kazi yake: achague kufa kweli, au aifufue posta iliyojaa barua ambazo hazikupelekwa kwa miaka mingi.

Tapeli anachagua posta. Kisha anabuni stempu, maana mtu aliyezoea kughushi anajua vizuri watu huamini karatasi ya namna gani. Muda si muda raia wanaanza kununuliana vitu kwa stempu kama pesa, bila hata kuandika barua. Nilicheka peke yangu hadi dada yangu akaniuliza kama ni mzima. Lakini nyuma ya kicheko kuna funzo. Karatasi ile inafanya kazi kwa kuwa watu wana imani kwamba posta itatimiza ahadi yake. Basi mwizi analazimika kuwa mwaminifu, maana akivunja ahadi mara moja tu, stempu zake zitarudi kuwa karatasi.

3. TAMTHILIA YA KALE: MABEPARI WA VENISI

Kabla sijafika Venisi, nipitie kwanza vitabu vya dini, kwani humo muhuri umejaa tele. Waislamu wamepokea katika hadithi kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kuwa hawasomi barua isiyo na muhuri. Akatengenezewa pete ya fedha yenye maandishi, ikawa ndio muhuri wake. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule karani wangu wa dirishani, nikamsamehe nusu. Katika Biblia nako, kitabu cha 1 Wafalme, mlango wa 21, Yezebeli aliandika barua kwa jina la mumewe Ahabu, akazitia muhuri wa mfalme, na kwa barua hizo Nabothi akauawa na shamba lake la mizabibu likatwaliwa. Wazee wa mji hawakuuliza kama maneno yale ni ya haki. Waliuona muhuri, wakatii. Kwa hiyo muhuri unaweza kubeba ukweli na unaweza pia kubeba damu.

Sasa Venisi. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanzania, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare na ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina Mabepari wa Venisi. Wengi mnaijua hadithi yake. Antonio anamkopea rafiki yake dukati elfu tatu kwa miezi mitatu. Shailoki hataki riba. Anachotaka ni mkataba utiwe muhuri mbele ya mwandishi wa sheria, kwamba deni lisipolipwa atakata ratili moja ya nyama ya Antonio. Antonio anautia muhuri huku akiona ni mzaha tu.

Siku ya kesi hakuna anayeweza kuukana ule muhuri. Hata mtawala wa jiji amekwama, maana akiuvunja mkataba mmoja, wageni wote wanaofanya biashara Venisi watakosa imani na sheria zake. Kinachomwokoa Antonio ni kusoma. Porshia, aliyejigeuza mwanasheria, anauangalia tena mkataba na kuona kwamba umetaja nyama bila kutaja tone la damu. Wenzangu, somo ni wazi kama mchana: usitie muhuri wala sahihi kabla ya kusoma, na ukishatiwa, soma tena!

4. TAMTHILIA YA AFRIKA KUSINI: MTU ALIYEUAWA NA MUHURI

Sizwe Bansi is Dead ilitungwa na Athol Fugard pamoja na waigizaji John Kani na Winston Ntshona, na ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1972. Wakati huo serikali ya Makaburu ilimlazimisha kila Mwafrika mtu mzima kubeba kitabu cha pasi. Humo mlikuwa na picha yake, kabila lake na mihuri iliyosema anaruhusiwa kukaa wapi na kufanya kazi wapi. Mwaka 1960 huko Sharpeville watu 69 walipigwa risasi wakafa walipoandamana kuzipinga sheria hizo, ambazo zilifutwa mwaka 1986.

Katika mchezo huu Sizwe amekuja Port Elizabeth kutafuta kazi ili alishe mke na watoto. Kitabu chake kimepigwa muhuri unaomwamuru aondoke kwa siku tatu. Yeye hajui kusoma. Rafiki yake Buntu ndiye anayemsomea, na hapo ndipo anapofahamu kwamba muda wenyewe umeshakwisha. Usiku wanaikuta maiti ya mtu njiani. Katika mfuko wake mna kitabu cha pasi chenye muhuri mzuri, ule wa ruhusa ya kutafuta kazi. Buntu anatoa wazo la kutisha: wabandue picha wazibadilishe. Sizwe Bansi atakuwa amekufa, naye ataishi kwa jina la marehemu.

Sizwe anakataa. Jina langu nitalitupaje, nao watoto wangu wanaitwa kwa jina hilo? Buntu anamwonyesha kwamba serikali hailitazami jina lake, inatazama nambari na muhuri tu. Mwishowe anakubali. Hapo nilikifunga kitabu kwanza. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu ya fomu iliyorudishwa kwa saa chache. Huyu maskini karatasi ilimrudishia maisha yake yote, ikamwambia hayafai. Mwaka 1975 Kani na Ntshona walipewa tuzo ya Tony huko Marekani kwa uigizaji wao. Hata muhuri wa Makaburu haukuweza kuwazuia wasisikike.

5. TAWASIFU: HARRY THUKU NA KIPANDE

Usidhani mambo hayo yalikuwa ya Afrika Kusini peke yake. Hapa Kenya tulikuwa na kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilimhusu kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea. Mimi nina miaka 16. Kama ningezaliwa enzi hizo, badala ya sare ya shule ningekuwa na kopo la chuma linaloning'inia shingoni kwa kamba, na ndani yake karatasi yenye chapa ya vidole vyangu, jina la tajiri wangu na mshahara wangu. Mtu hakuweza kuacha kazi bila mwajiri kuandika kwenye kipande kwamba amemwachilia. Akiondoka bila hivyo, alihesabiwa kuwa mtoro na kutafutwa na polisi.

Harry Thuku aliyasimulia maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1970, Harry Thuku: An Autobiography. Alipokuwa kijana aliwahi kufanya kazi ya kupanga herufi katika mtambo wa gazeti la walowezi. Yaani alijua chapa tangu jikoni kwake! Mwaka 1921 alianza kuwaunganisha watu kukipinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa. Machi 1922 alikamatwa, na watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi wakidai aachiliwe. Tarehe 16 Machi walipigwa risasi na zaidi ya watu 20 wakauawa, miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke shujaa aliyewachochea wanaume wasirudi nyuma.

Tofauti ya kipande na fomu yangu ni nini, na zote ni karatasi za serikali? Nimefikiri sana. Naona tofauti iko hapa: muhuri wa fomu yangu ulikuja kunifungulia mlango, lakini kipande kilikuwa mlango wenyewe uliofungwa, na ufunguo kapewa mtu mwingine.

6. UTENDI: HESABU YA MWANA KUPONA

Nimalizie nyumbani kwetu kwenye Kiswahili. Zamani, kabla ya mitambo ya kuchapa kufika pwani, tenzi ziliandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, na wanakili walizinakili moja baada ya nyingine. Mtunzi angejuaje kwamba kazi yake haitaharibiwa njiani? Malenga wetu walikuwa na muhuri wao wasiouhitaji mpira wala wino. Katika beti za mwisho wengi walitaja majina yao, au tarehe, au idadi ya beti.

Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Mwishoni anataja kwamba beti zake ni 102, na anataja mwaka wa Kiislamu, 1275. Tazama ujanja huo! Mnakili akiruka ubeti mmoja kwa uvivu, hesabu itamsuta. Siku hizi kuna wanaobishana kuhusu mawaidha yake juu ya mume na mke, na hata katika chama chetu tumewahi kubishana hadi kengele ikalia. Lakini kwamba maneno ni yake, na ni ya mwaka ule, hakuna ubishi. Mama mgonjwa alitia muhuri kwa akili yake tu, nao haujafutika.

TAMATI

Sasa narudi kwenye mwiba wangu wa samaki. Nguvu ya muhuri inatoka wapi? Vitabu vyote sita vimenijibu jibu moja: inatoka kwa watu wanaouamini. Mpira na wino ni vitu vya dukani. Stempu ya senti moja, stempu za tapeli, mkataba wa Venisi, pasi, kipande na hesabu ya Mwana Kupona, vyote vinasema, "Niamini, yuko mtu nyuma yangu." Yule mtu akiwa mwadilifu, muhuri ni ngao. Akiwa Yezebeli, muhuri ni kisu. Ndiyo maana raia hana budi kujua kusoma, ili asiuangalie muhuri peke yake bali asome na maneno yaliyo juu yake. Laiti karani wangu angesoma maneno ya mama japo mstari mmoja!

Na sisi je? Kila kitabu cha maktaba yetu kina muhuri wa shule katika ukurasa wa mwanzo. Nilipokuwa nikivitafuta vitabu hivi, kwa muuzaji mmoja wa "inama" niliokota kitabu cha Kiswahili kisicho na ukurasa wa kwanza. Ulikuwa umechanwa taratibu, kwa wembe. Sijui kilitoka shule gani na sitamshuku mtu. Ila najua mwenye wembe alikuwa akitafuta nini. Aliukata muhuri, na pamoja nao akakata mwanzo wa hadithi. Atakayekinunua hatajua kisa kilianzaje. Tafadhali wenzangu, tusiwe sisi. Muhuri ule hausemi kwamba kitabu ni cha mwalimu wa maktaba. Unasema ni changu, ni chako, na ni cha mwanafunzi ambaye hajafika bado.

Mtaniuliza, na basari je? Niliipata. Si nyingi, haba na haba hujaza kibaba, lakini ilitosha kunirudisha darasani hadi nikayaandika makala haya. Mama ameihifadhi barua yake katika bahasha, na husema ataitunza hadi nimalize kidato cha nne. Juu ya barua hiyo upo muhuri, wa rangi ya samawati, umepigwa upande kidogo.

Hapo natia nanga. Kwaherini ya kuonana.